Karoti ni Mzizi

Sokoni pale hakuna aliyelijua jina lake la kuzaliwa, na hata ndugu zake walikuwa wameanza kulisahau kwa kutolitumia. Wote walimwita Bi Kona. Aliuza vitunguu maji na vitunguu saumu kwenye meza ya kwanza, mkono wa kulia ukiingia geti kubwa, pale ukuta unapopinda na mtu hana budi kupunguza mwendo. Meza ya kona haihitaji mdomo. Unakaa tu, watu wanakujia. Bi Kona alikuwa amekaa miaka kumi na tisa, na kiti chake cha plastiki kilikuwa cha tatu, maana viwili vya kwanza alivikalia mpaka vikasalimu amri.

Kona yenyewe hakuzaliwa nayo. Ilikuwa ya wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Mume alipofariki, Bi Kona alibaki na mabinti wawili, cherehani mbovu, na ahadi nyingi kutoka kwa watu waliokuja msibani kula. Wifi hakutoa ahadi. Alingoja wiki tatu, akaja akasimama mlangoni na kusema, "Kesho alfajiri uwe sokoni, na usije na huo uso." Alfajiri ile alisogeza karoti zake zote upande wa ndani wa meza, akamwachia mke wa kaka yake upande wa kona. Alisema karoti zinajiuza zenyewe popote zilipo. Haikuwa kweli. Hakuna karoti iliyowahi kujiuza.

Tangu hapo walikaa bega kwa bega wakigombana. Waligombania kivuli cha mwavuli, waligombania ufagio, waligombana juu ya nani amemkimbiza mteja kwa kununa. Wifi alimwita mvivu na mchoyo, na mara mbili kwa mwaka alimkumbusha kuwa kaka yake alikonda baada ya kuoa. Bi Kona naye hakubaki nyuma. Wateja wageni waliwadhania mahasimu. Wateja wa zamani walijua kwamba mmoja akiugua, mwenzake huuza meza yote kwa uaminifu na kushinda kutwa amenyong'onyea, hana wa kumtukana.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka alipoletwa afisa mpya wa soko. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa ametoka semina. Semina ni kitu kizuri, ila mtu akirudi nayo lazima atafute pa kuitua.

"Soko letu halina mpangilio," aliwaambia wauzaji siku ya kwanza. Ni kweli halikuwa nao. Nyanya zilikaa na ndizi, tangawizi ilikaa na maharage, na kila mtu alijua kila kitu kilipo. "Kuanzia mwezi ujao, bidhaa zitapangwa kisayansi, kwa sehemu ya mmea inayoliwa."

Vibao sita vikapakwa rangi ya buluu na kutundikwa: MIZIZI, MASHINA, MAJANI, MAUA, MATUNDA, MBEGU. Majani yalipewa meza za getini, kwa sababu hunyauka upesi na yafaa yauzwe kwanza. Mizizi huvumilia, kwa hiyo ikapelekwa nyuma kabisa, kati ya tangi la maji na vyoo. Kuvumilia kuna hasara zake.

Wiki ile soko lilikuwa na wasomi wengi kuliko chuo. Muuza bilinganya aliambiwa kwamba anauza tunda, kwa kuwa chochote chenye mbegu ndani ni tunda, akaenda kukaa na wauza mapapai. Wauza mapapai wakalalamika kwamba wanashushwa hadhi. Muuza koliflawa alikuwa mmoja tu soko zima, na kwa kuwa koliflawa ni ua, alipewa sehemu yote ya MAUA, meza nane, akaketi katikati na vichwa vyake vinne kama mtu aliyeandaa sherehe na wageni hawakufika. Muuza mayai hakuuza mmea wa aina yoyote. Kwa sababu hiyo alionekana hana upendeleo, akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya rufaa.

Kwenye orodha ya afisa, mstari wa kumi na moja ulisomeka: Vitunguu, mizizi. Mstari wa kumi na mbili: Karoti, mizizi. Afisa aliamini kwamba kila kinachotoka ardhini ni mzizi, na hakuwa peke yake.

"Huko nyuma hakuna biashara," Bi Kona alisema. "Mtu akifika huko ana haraka ya jambo jingine."

"Tukate rufaa," wifi alisema. "Wewe una mdomo, mimi nina hasira. Kwenye kamati kinachotakiwa ni mdomo. Nenda kamuulize mkwe wako, si ndiye mwalimu wa sayansi? Halafu utatusemea wote wawili."

Mkwe alikuwa mume wa binti mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwenye heshima zilizopitiliza. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni kwa muda unaozidi salamu. Jumanne ile Bi Kona alipoingia sebuleni na kutangaza kwamba amekuja kujifunza mmea, alisimama wima na kufundisha somo zima akiikodolea macho kalenda ya ukutani.

Kwanza alitoka nje akang'oa gugu kando ya mfereji, akarudi nalo likidondosha udongo kwenye zulia.

"Huu ni mzizi, mama. Huu mnene ulionyooka kwenda chini ni mzizi mkuu. Hii midogo ni matawi yake, na hivi vinyweleo ndivyo vinavyonyonya maji. Kazi ya mzizi ni kuushika mmea ardhini na kuunywesha. Mzizi hauoti majani."

"Hauoti kabisa?"

"Kabisa. Majani huota kwenye shina. Shina lina vifundo, hivi hapa. Kila kifundo hutoa jani, na pale jani linaposhikana na shina panaitwa..." Akakohoa. "Panaitwa kwapa la jani, samahani mama. Hapo hukaa chipukizi. Ndiyo maana kiazi mviringo ni shina ingawa kinalala ardhini. Yale macho yake ni machipukizi."

"Haya. Na ua?"

Mkwe aliiangalia kalenda kwa makini, kana kwamba kuna sikukuu imeongezwa. "Ua lina sehemu zake pia, mama. Hilo tutaliruka."

"Kwa nini?"

"Halihusiani na vitunguu."

Huko jikoni yule binti mkubwa aliangua kicheko mpaka sufuria ikaanguka. Ua, kama wajuavyo wote waliosoma darasa la sita, lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike, na kuna chavua inayotoka huku kwenda kule, na mkwe alikuwa radhi kufukuzwa kazi kuliko kumweleza hayo mama wa mke wake. Bi Kona, aliyezaa watoto wawili bila kuelezwa na mtu, alikubali waliruke.

Ndipo kikaletwa kitunguu. Mkwe alikipasua kwa urefu, kutoka juu hadi chini, tofauti na wapishi wanavyokata. Chini kabisa zilikuwapo ndevu: hiyo ndiyo mizizi. Juu ya ndevu palikuwa na kisahani kigumu cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati: hilo ndilo shina, fupi kuliko mashina yote. Na juu ya kisahani, yakikumbatiana moja ndani ya jingine, yalikuwa matabaka yote yale mtu anayomenya na kulia.

"Hayo ni majani, mama. Sehemu za chini za majani, zilizonenepa kwa kuweka akiba ya chakula. Ukikisahau kitunguu dirishani, si hutoa majani ya kijani? Hayatoki kwingine. Ni haya haya yanaendelea."

Bi Kona alikitazama kitunguu muda mrefu. Alikuwa ameuza magunia yasiyo na idadi, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna la kuuliza.

"Kwa hiyo mimi ni muuza majani."

"Wa majani, mama, bila shaka yoyote."

Alipaswa kuaga hapo. Badala yake akauliza, "Na karoti?"

Mkwe alifurahi kupata swali rahisi. "Karoti ni mzizi mkuu. Mfano wa kitabuni kabisa."

"Hakuna namna?"

"Namna gani, mama?"

"Namna yoyote."

Mkwe, kwa adabu, aliomba karoti jikoni akaichunguza. Pale juu, majani yanapotokea, pana kipande kidogo cha shina. Alikipima kwa rula. Nusu sentimita. Bi Kona alishukuru akaondoka, akijua kwamba nusu sentimita haimpi mtu meza.

Jumatano asubuhi wifi aliuliza, "Mkwe wako kasemaje?"

"Hoja ipo," Bi Kona alisema.

"Ya wote wawili?"

"Ngoja Ijumaa."

Wifi alimtazama kidogo, kisha akaendelea kuosha karoti. Alasiri akauliza tena, akapewa jibu lile lile. Alhamisi akauliza tena, na Bi Kona akajifanya anahesabu vitunguu saumu. Moyoni alijiambia kwamba afadhali mmoja abaki kona kuliko kuikosa wote. Lilikuwa wazo la busara, na alilirudia mara nyingi, kama mtu anayekariri mtihani. Lakini aliona aibu. Usiku alilala kifudifudi, na asubuhi alimpa wifi nafasi yote ya mwavuli bila kugombana, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote mwenye akili.

Ijumaa kamati iliketi ofisini kwa afisa: watu watano kwenye benchi moja, mwenyekiti muuza mayai akiwa katikati. Rufaa ya kwanza ilikuwa ya tangawizi, ikashindwa kwa mlalamikaji kukasirika. Ya pili ilikuwa ya Bi Kona. Alitoa kisu na kitunguu kikubwa chekundu mfukoni, akakipasua kwa urefu mezani. Akaonyesha mizizi, akaonyesha shina, akafunua majani moja baada ya jingine na kumpa kila mjumbe lake mkononi. Kamati nzima ilitokwa na machozi, mwenyekiti akiwa wa kwanza, ingawa kumbukumbu za kikao hazikueleza sababu.

Afisa alifungua kitabu chake cha semina. Alikuwa mtu mwadilifu, jambo linalochelewesha kazi. Alisoma ukurasa mmoja, akasoma tena, akapangusa macho, akakata neno moja kwenye mstari wa kumi na moja na kuandika lingine.

"Majani," alisema. "Kona inabaki yako, mama. Umeeleza vizuri kuliko mkufunzi wetu." Kisha akageuka. "Na mama wa karoti? Rufaa yako ni ipi?"

Wifi alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa gauni lake la sherehe. Hakuinuka.

"Wifi yangu atanisemea," alisema.

Watu wote wakamtazama Bi Kona. Bi Kona alikitazama kisu. Kilikuwa na maganda mawili yamenata, na aliyaona vizuri sana.

"Karoti," alisema.

"Ndiyo, karoti," afisa alisema, kalamu tayari. "Ni nini?"

"Karoti ni mzizi."

"Una uhakika?"

"Mzizi mkuu," Bi Kona alisema, kwa sababu alikuwa amejifunza, na mdomo uliozoea kuongea hauulizi ruhusa.

"Asante," afisa alisema, akaweka alama ya vema.

Wifi hakupiga kelele. Alisema "Sawa," akaenda kuvua gauni la sherehe, na kabla ya adhuhuri karoti zake zilikuwa nyuma, meza ya pili kutoka vyooni.

Biashara ya kona iliendelea vizuri, na hilo lilimuudhi zaidi Bi Kona. Pembeni yake aliletwa binti wa mchicha, mpole, aliyekubali kila kitu. Bi Kona alisema jua kali, binti akasema kweli jua kali. Akasema leo kuna baridi, binti akasema kweli kuna baridi. Alimwambia amefagia vibaya, binti akafagia upya. Hakuna mtu anayeweza kuishi hivyo.

Siku ya pili alifunga safari kwenda nyuma. Alitarajia matusi, na njiani alikuwa ameandaa ya kwake machache ya kujibu.

"Karibu, mama," wifi alisema, akitabasamu kama anavyotabasamia wateja. "Nikupimie karoti kiasi gani?"

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumwita mama. Bi Kona alishikwa na kigugumizi, akanunua kilo moja. Kesho yake akarudi, akaitwa mama tena, akafungiwa kilo nyingine kwa unadhifu na kuombewa siku njema. Angeweza kuvumilia kofi, lakini si adabu ile. Ilipofika siku ya tisa, karoti zilikuwa zimejaa nyumbani mpaka chini ya meza, na binti mdogo akauliza kama kuna sungura wanatarajiwa.

Siku ya kumi alikwenda kwa afisa.

"Nihamishie kwenye mizizi," alisema.

Afisa aliweka kalamu chini. "Mama, kitunguu ni jani. Ulithibitisha mwenyewe. Kamati ililia."

"Kina mizizi pia. Zile ndevu."

"Kuna mtu anakula ndevu za kitunguu?"

Bi Kona alifikiri. Kulikuwa na jirani mmoja aliyeweza kula chochote, lakini hakuwa mfano wa kutegemea. "Hapana," alisema.

"Basi, sehemu inayoliwa ni jani. Nimeandika mfano wako kwenye ripoti."

Hivyo ndivyo Bi Kona alivyojipalia makaa: alikuwa ameishinda kesi yake vizuri mno. Alirudi kwenye kona akakaa mpaka jioni akitazama watu wanavyopunguza mwendo kwenye ule mpindo wa ukuta. Alipopita kwa mkwe akitoka sokoni hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akauliza swali moja la mimea, akajibiwa, akaondoka. Mkwe alishukuru sana kwamba halikuhusu ua.

Jumatatu iliyofuata alifika ofisini kwa afisa na mkokoteni wenye magunia mawili.

"Nimeacha vitunguu," alisema. "Kona mpe binti wa mchicha, hatakataa. Mimi sasa nauza viazi vitamu."

Afisa alitabasamu kwa huruma. "Viazi ni mashina, mama. Vina macho."

"Viazi mviringo ndivyo vina macho. Viazi vitamu ni mizizi iliyonenepa. Tazama kitabuni."

Afisa akatazama. Alifuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, kisha akagonga muhuri.

Mkokoteni ulipita soko zima, ukapita mapapai na bilinganya ambao kwa sasa hawakuwa wakisemezana, ukapita koliflawa peke yake, ukafika nyuma. Meza ya tatu ilikuwa tupu, kwa sababu zinazoeleweka ukiwa na pua. Bi Kona akamwaga viazi vyake hapo, moyo ukimdunda kama wa msichana anayechumbiwa. Wifi alikuwa akifunga karoti mafungu na hakuinua kichwa.

"Vitunguu vimekufa?" aliuliza.

"Nimeviacha."

"Na kona?"

"Nimeiacha."

Wifi alifunga fungu moja, akafunga la pili. "Kuwa karoti ni mzizi, ulijua lini?"

"Jumanne ile. Mkwe aliniambia."

"Mimi nimejua tangu sijaota meno ya pili. Karoti nimezing'oa kwa mikono hii kabla wewe hujaolewa kwetu. Ulidhani namngoja mkwe wako?"

Bi Kona aliacha kupanga. "Sasa kwa nini ulikuwa ukiniuliza?"

"Nilitaka uniambie. Basi! Tukiwa wawili, pale kwenye meza yetu, uniambie wifi, mimi napona, wewe huponi. Siku mbili nakuuliza, wewe unahesabu vitunguu saumu. Ukaenda kuniambia mbele ya muuza mayai."

Mteja mmoja alipita upesi akielekea vyooni. Wote wawili wakamngoja apite.

"Nisamehe, wifi," Bi Kona alisema. "Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba nitakupiga?"

"Niliogopa ungesema sawa. Ungeniachia kona mara ya pili, na mimi ningeichukua."

Wifi aliushika uzi wa fungu kwa meno, akaukata. Macho yake yalikuwa yamelowa, na safari hii hapakuwa na kitunguu karibu.

"Ningekuachia," alisema. "Na ungeichukua, na hakuna ambaye angekufa. Haya, hivyo viazi umevipanga au umevitupa?"